Aliyebaki Chumbani

Shangazi alikata roho Jumanne alfajiri, na mkono uliokuwa umemshika haukuwa wa ndugu yake hata mmoja. Ndugu tulikuwepo. Nyumba ilikuwa imejaa: kaka zake wawili barazani, wake zao jikoni, watoto wamelala mikekani sebuleni, na mimi nimesimama kizingitini mwa chumba chake, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Aliyekuwa kitandani, amekipakata kichwa cha mgonjwa, ni dada wa kazi, binti aliyekuwa ameletwa miaka minne kabla kwa ajili ya kufua na kupika. Yeye ndiye aliyejua namna ya kumgeuza shangazi bila kumuumiza. Yeye ndiye aliyegundua kwamba uji ukipoa sana haupiti kooni. Matanga yalipoanuliwa alipewa nauli na doti mbili za kanga, akaambiwa ahsante, akapanda basi.

Miaka miwili baadaye, usiku, nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta, nilitazama filamu ya mwongozaji wa Kiswidi Ingmar Bergman iitwayo Viskningar och rop, yaani Minong'ono na Mayowe, ya mwaka 1972. Mna nyumba kubwa ya shambani yenye kuta nyekundu, mgonjwa anayekufa kwa saratani, dada zake wawili waliokuja kumuuguza, na mtumishi wa ndani. Nilimjua kila aliyekuwemo. Nilijijua hata mimi, maana dada wale wawili walikuwa wakisimama mlangoni kama nilivyosimama.

Tangu usiku ule nimezitafuta filamu zake moja baada ya nyingine, nyingine nimezirudia mara nne, mara tano, na neno moja limenifuata katika zote: kuuguza. Kiswahili kimelitengeneza neno hili kwa namna inayostahili kuangaliwa. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Ukikinyambua kitenzi hicho katika kutendesha, ungetarajia kimaanishe kumtia mtu ugonjwa, kama kulala kunavyozaa kulaza na kula kunavyozaa kulisha. Lakini anayeuguza hamtii mtu ugonjwa. Anamwezesha kuugua. Anaingia naye katika ugonjwa wake, akakaa humo, ili mgonjwa augue kama mtu na si kama mzigo uliowekwa pembeni kusubiri wachukuzi.

Bergman amezoeleka kuitwa msanii wa kimya cha Mungu, na sifa hiyo ni yake kwa haki. Alikitazama kimya hicho miaka mingi bila kupepesa. Lakini mimi naona kimya cha mbinguni kwake ni mwanzo tu wa jambo. Mbingu imenyamaza, sawa, na mgonjwa bado amelala pale, midomo imekauka. Nani atakaa naye? Filamu zake ninazozipenda zinauliza hilo, na zinalijibu kwa vitendo vidogo mno: bakuli, kitambaa chenye maji, mkono.

Alizaliwa Uppsala tarehe 14 Julai 1918. Baba yake, Erik, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mkali nyumbani na msemaji mzuri mimbarani. Mama yake, Karin, alikuwa amesomea uuguzi. Kila anayeandika habari za Bergman husimulia Krismasi ambayo kaka yake alipewa projekta ndogo ya mkono, na Ingmar akainunua kwa jeshi lake zima la askari wa bati. Hadithi nzuri. Mimi nashikwa zaidi na nyingine iliyomo katika kitabu cha kumbukumbu zake, Laterna Magica, cha mwaka 1987. Anaeleza kwamba mtoto aliyeumwa aliupata upole wa mama yake, mama ambaye siku nyingine alikuwa wa baridi na mwenye shughuli. Basi mtoto akajifunza kujitia ugonjwa. Tatizo ni kwamba mama alikuwa muuguzi. Homa ya uongo aliitambua mara moja, na adhabu ikafuata. Soma hapo, kisha hesabu ni wangapi katika filamu zake wanaougua, na ni wangapi wanaotazamwa wakiugua na mtu asiyejua kama aamini au asiamini.

Familia iliishi kwa miaka kadhaa karibu na hospitali ya Sophiahemmet mjini Stockholm, ambako baba alikuwa mchungaji wa wagonjwa. Mtoto alizunguka katika viwanja vya hospitali ile, akaifahamu hata nyumba ya maiti. Ukijua hilo hushangai kwamba kifo kwake hakina mafumbo ya mbali. Kina shuka, kina harufu, kina mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Ndivyo kinavyotokea katika Det sjunde inseglet, Muhuri wa Saba, filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na iliyolipeleka jina lake dunia nzima. Hata asiyewahi kuiona ameiona picha yake: mpiganaji aliyerudi kutoka Vita vya Msalaba, Max von Sydow kijana mwenye nywele nyeupe kama katani, anacheza sataranji na Mauti ufukweni, Mauti amevaa joho jeusi na uso umepakwa weupe. Ufukwe ule ni Hovs Hallar, kusini mwa Uswidi, na filamu yote ilipigwa kwa siku 35 tu. Mchezo ule wa sataranji umewekwa kwenye mabango kiasi kwamba tumesahau kuwa si kiini cha filamu. Mpiganaji anamsumbua Mauti kwa maswali kuhusu Mungu, na Mauti hana majibu. Kazi yake ni kuchukua tu.

Mimi narudia mahali pawili. Pa kwanza ni kilimani, jua la jioni, ambapo familia ya wasanii wa kutangatanga inamkaribisha mpiganaji kwa maziwa na stroberi za porini. Jof, Mia, na mtoto wao mchanga: majina yenyewe ni Yusufu na Maria yaliyovaa nguo za kazi. Bakuli linapita mkono kwa mkono. Mpiganaji anasema ataibeba kumbukumbu ya saa hii kwa uangalifu kama mtu abebaye bakuli lililojaa maziwa pomoni. Kwa miaka kumi alikuwa amebeba upanga. Pa pili hapasemwi sana. Mwanamume mwovu anaanguka msituni akifa kwa tauni, analilia maji, na msichana asiyesema neno tangu filamu ilipoanza anakurupuka na maji ampelekee. Jöns, mtumishi wa mpiganaji, mtu mwenye akili kuliko wote katika filamu, anamshika msichana na kumzuia. Haina maana, anamwambia, haina maana kabisa. Jöns yuko sahihi: maji yasingemponya yule mtu, na tauni ingemwambukiza msichana. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara macho yangu hubaki kwenye mwili wa yule msichana uliokwisha kuanza kukimbia.

Mwaka huohuo wa 1957 Bergman alitoa Smultronstället, jina linalomaanisha mahali ziotapo stroberi za porini, na ambalo kwa Waswidi ni pia kona ya siri ambayo mtu huipenda moyoni. Profesa Isak Borg, daktari wa miaka 78, anasafiri kwa gari kutoka Stockholm kwenda Lund kutunukiwa heshima ya nusu karne ya udaktari wake. Njiani analala na kuota. Katika ndoto moja anawekwa kwenye mtihani kama mwanafunzi, anaulizwa wajibu wa kwanza wa daktari ni upi, naye amesahau. Anakumbushwa: ni kuomba msamaha. Kisha anaambiwa ampime mwanamke aliyekaa kitini. Anamwangalia, anasema amekufa. Mwanamke anafumbua macho na kucheka. Victor Sjöström, aliyeigiza kama Borg, alikuwa mwenyewe mwongozaji mkubwa wa sinema za kimya, na Körkarlen yake ya mwaka 1921 ni filamu ambayo Bergman aliitazama mwaka hadi mwaka maisha yake yote. Sjöström alikufa mwaka 1960. Mwishoni mwa filamu Borg anawaona wazazi wake mbali, ng'ambo ya maji, baba ameshika ufito wa kuvulia, na kamera inamsogelea mzee usoni. Uso ule umelegea kama wa mgonjwa aliyepitiwa usingizi baada ya maumivu kuachia.

Sasa niseme habari ya filamu ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa ni fupi, haina muziki wa kusindikiza, na wengi huiona kavu. Nattvardsgästerna ilitoka mwaka 1963. Wengine wameita filamu hii kwa jina la mwanga wa majira ya baridi. Jina la Kiswidi linasema jambo jingine kabisa, nalo kwa Kiswahili linakaa vizuri bila kulazimishwa: Wageni wa Meza ya Bwana. Nilikulia katika usharika wa Kilutheri Bukoba, ambako wamisionari wa Kiswidi walifanya kazi kwa miaka mingi. Filamu hii ilipokuwa inatengenezwa, askofu wetu kule alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, kabla Josiah Kibira hajaupokea uaskofu mwaka 1964. Kwa hiyo ibada inayofungua filamu sikuhitaji kuelezwa. Mpangilio wake naujua, mahali pa kusimama napajua, namna mchungaji anavyogeukia madhabahu na kurudi naijua. Nilitazama wageni wachache wakipiga magoti kwenye kanisa la kijiji cha Uswidi, mate yakanijaa mdomoni kama mtoto anayesubiri mkate usiomhusu bado.

Mambo yote yanatendeka Jumapili moja ya Novemba, kati ya saa sita mchana na saa tisa. Mchungaji Tomas Ericsson, anayeigizwa na Gunnar Björnstrand, ana mafua makali na homa. Mkewe alikufa miaka michache nyuma na imani imemtoka kidogokidogo. Mvuvi Jonas Persson, Max von Sydow tena, analetwa na mkewe apewe ushauri, maana amesoma kwamba Wachina watapata bomu la atomiki na hawezi kuliondoa kichwani. Tomas, badala ya kumsikiliza mgonjwa aliyeketi mbele yake, anaanza kumweleza kuugua kwake mwenyewe: jinsi Mungu alivyogeuka kuwa mwangwi, kisha kuwa dubwana la kutisha. Jonas anaondoka, anakwenda mtoni, anajipiga risasi. Sijaona mahali pengine ambapo hatari ya kazi ya kichungaji imewekwa wazi hivi. Aliyetumwa kuuguza amemwambukiza mgonjwa.

Na kumbe Tomas ana muuguzi wake na hamtaki. Märta, mwalimu wa shule asiyeamini Mungu, anayeigizwa na Ingrid Thulin, anamfuata na dawa ya kikohozi, na kahawa, na upendo usio na aibu. Amemwandikia barua. Tomas anapoifungua, Bergman hatuonyeshi karatasi. Anamweka Märta mbele ya kamera, uso wake ukijaza kioo kizima, naye anaisema barua kwa dakika kadhaa akitutazama sisi. Anakumbusha kwamba aliwahi kutokwa na ukurutu mikononi na usoni, na Tomas, mtu wa sala, alishindwa kumwombea kwa sababu vidonda vilimtia kinyaa. Baadaye, katika darasa tupu, Tomas anamjibu. Anamhesabia kila kinachomchukiza kwake, mpaka macho yake mabovu, mpaka kumhangaikia kwake. Ni ukatili ambao nisingeutazama mara ya pili kama si kwa yanayofuata.

Yanayofuata ni maneno ya mtunza kanisa. Algot Frövik ana kibiongo na maumivu ya mwili yasiyokwisha, kwa hiyo amesoma habari za mateso ya Kristo kwa jicho la mtaalamu. Anamwambia mchungaji, kwa upole, kwamba anaona watu wanayatia uzito mno maumivu ya msalaba. Maumivu yale yalikuwa ya saa chache; yeye Algot ameumia zaidi ya hapo. Kilichokuwa kizito ni kwamba marafiki walilala bustanini wakati alipowahitaji, na baada ya hapo hata Baba yake hakusikika. Hakubaki mtu. Algot anayasema haya akiwa ameshika kofia, na Tomas anakubali kwa neno moja. Kisha kengele, kisha mpiga kinanda, kisha ibada ya saa tisa kwenye kanisa la pili ambako hajaja mtu yeyote isipokuwa Märta. Na Tomas anasimama, homa imempanda, anageuka na kuanza liturujia.

Bergman alizunguka na baba yake mzee kutazama makanisa ya Uppland alipokuwa akiitafuta filamu hii. Jumapili moja waliingia kanisa ambalo mchungaji wake alichelewa, akasema anaumwa na hakutakuwa na Meza ya Bwana. Mzee Erik Bergman akainuka kwenye benchi, akaenda sakristia, akarudi amevaa mavazi ya madhabahuni, akawalisha waliokuja. Mwanawe, aliyekuwa amemchukia kwa miaka mingi, aliona pale mwisho wa filamu yake.

Mwanga wa filamu hii ni kazi ya mpiga picha wake, Sven Nykvist. Yeye na Bergman walikaa kanisani saa zilezile za mchana wa majira ya baridi, wakiangalia mwanga unavyohama, kisha wakaujenga upya studioni: mwanga usio na kivuli, mwanga wa siku ambayo jua halikujitokeza. Nykvist alikuwa mtoto wa wamisionari waliofanya kazi Kongo chini ya Wabelgiji. Wazazi wako Afrika wakihudumia watoto wa wengine, yeye akalelewa na ndugu Uswidi. Siwezi kutazama nyuso alizozimulika bila kukumbuka mtoto aliyesubiri nyuso mbili zilizokuwa mbali.

Tystnaden, Kimya, ilitoka mwaka huohuo wa 1963. Ester, mfasiri wa vitabu, anaugua mapafu katika hoteli ya mji usiojulikana ambao lugha yake yeye, mtu wa lugha nyingi, haielewi hata kidogo. Mdogo wake Anna anataka kuondoka. Mwana wa Anna, Johan, anazurura kwenye korido ndefu. Anayemhudumia Ester ni mhudumu wa hoteli, mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, asiyeelewana naye kwa neno. Anamletea chakula, anamfuta, anamtandikia. Ester anamwelekeza mkono wake, mzee anataja jina la mkono kwa lugha ya pale. Jina la mtunzi Bach, likisikika redioni, wote wawili wanalijua, na kwa sekunde chache wana lugha moja. Mwishoni Ester anaachwa mikononi mwa mzee huyo, na Johan yuko kwenye treni akijaribu kusoma karatasi aliyoandikiwa na mama yake mkubwa: maneno machache ya lugha ngeni. Nami ni mfasiri. Sijui zawadi kubwa kuliko ile.

Persona ni ngumu kuisimulia, wala sitajaribu yote. Mwaka 1965 Bergman aliugua mapafu, akalazwa Sophiahemmet, hospitali ileile ya utoto wake, na humo ndimo alimoiandika. Baadaye alisema iliokoa maisha yake. Mwigizaji maarufu, Elisabet Vogler, ananyamaza katikati ya tamthilia na hasemi tena. Muuguzi kijana, Alma, anapewa kazi ya kukaa naye kwenye nyumba kando ya bahari. Liv Ullmann ndiye anayenyamaza, Bibi Andersson ndiye anayesema, na filamu ilipigwa Fårö, kisiwa cha mawe na upepo ambacho Bergman alikifanya kwao mpaka kufa. Siku zinavyokwenda nafasi zinabadilika. Mgonjwa anasikiliza, muuguzi anajimwaga wote, mpaka anapofungua barua ya mgonjwa na kuona amekuwa akitazamwa kama kitu cha kusomwa. Glasi inavunjika kibarazani, kinabaki kipande. Alma anakiona, anakiacha, anajua Elisabet atapita pekupeku. Damu inatoka, macho yao yanakutana, na hapo filamu yenyewe inachanika na kuungua mbele yetu.

Wengi hutaja picha ya nyuso mbili zilizounganishwa nusu kwa nusu. Mimi natetemeshwa na ile glasi. Aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu anajua ipo saa ya usiku wa manane ambapo unamchukia mgonjwa, na hakuna wa kumwambia. Bergman ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akilisema bila kumfanya muuguzi kuwa mwovu.

Na Minong'ono na Mayowe. Filamu ilimjia Bergman kama picha isiyotaka kuondoka: wanawake wanne waliovaa nyeupe katika chumba chekundu. Alieleza kwamba tangu utotoni aliwaza ndani ya nafsi ya mtu kuwa kwekundu. Basi kuta ni nyekundu, mazulia mekundu, na tukio likiisha kioo hakiingii giza, kinaingia wekundu, kama mtu aliyefumba macho akielekea jua. Agnes, anayeigizwa na Harriet Andersson, anaamka asubuhi mapema, maumivu yanampitia usoni, yanaondoka, anaandika katika shajara yake kwamba anaumwa. Tunaziona dakika zenyewe. Harriet Andersson anapumua katika filamu hii kwa namna ambayo niliisikia kwetu usiku kucha kupitia ukuta, na nilipoisikia tena nilizima sauti, nikatembea chumbani, nikarudi.

Anna, mtumishi, ameigizwa na Kari Sylwan. Alifiwa na mtoto wake wa kike. Kila asubuhi anamwombea mtoto huyo mbele ya picha yake, anamshukuru Mungu, anainuka, anang'ata tufaha. Tufaha lile ndilo linalonifanya nimwamini. Agnes anapolia usiku, ni Anna anayepanda kitandani, anafungua vazi lake na kumlaza mgonjwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Agnes anakufa. Mchungaji anakuja, anasoma yaliyoandikwa, kisha sauti inamkatika na anamwomba marehemu awaombee walio hai, maana imani yake ilikuwa kubwa kuliko ya mchungaji mwenyewe. Kisha linatokea jambo ambalo katika filamu nyingine lingekuwa la kutisha tu: maiti inaita. Inamwita dada yake Karin, naye anakataa, hataki kuhusika na kifo chake. Inamwita Maria, dada wa pili, naye anakaribia, anashikwa, anakimbia akipiga yowe. Anna anaingia, anafunga mlango, anakaa. Tunamwona ameketi kitandani, amempakata Agnes mapajani kama Mariamu anavyompakata mwanawe katika sanamu za makanisani, paja nene wazi, uso mtulivu.

Baada ya mazishi familia inakaa kitako kuamua. Anna aondoke mwisho wa mwezi. Achague kitu cha kumbukumbu. Anasema hataki kitu. Maria anampa noti mkononi wanapotoka.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliona doti mbili za kanga.

Zipo filamu zake nisizozirudia. Ormens ägg, aliyoipiga Ujerumani na iliyotoka mwaka 1977, baada ya kuihama nchi yake kwa kesi ya kodi iliyomvunja moyo na ambayo ilikuja kufutwa, ina mitaa, moshi na hofu, lakini hakuna anayekaa na mtu. Alipiga tena kwao Fanny och Alexander, ya mwaka 1982, iliyopata tuzo nne za Oscar, moja ya Nykvist. Watu huipenda kwa ile Krismasi ya mwanzo, mishumaa na dansi ya mnyororo vyumba vyote, nami naipenda kwa hilo. Lakini humo mna pia Alexander, mvulana wa miaka kumi, anayekokotwa kuletwa kwenye kitanda cha baba yake anayekufa. Hataki. Anajificha, analetwa, baba anamshika mkono, na mtoto anajaa hofu ya mkono ule. Hakuna anayemlaumu, si katika filamu, si miongoni mwetu. Bergman alikuwa na miaka 64 ilipotoka, na bado alimkumbuka vizuri mtu aliyekataa kusogea.

Yeye mwenyewe alisogea kwa nani? Alioa mara tano, akapata watoto tisa, na alikiri mwenyewe kwamba kwa wengi wao hakuwa baba. Sitaki kulipunguza hilo kwa sababu ya filamu. Lakini mke wake wa mwisho, Ingrid, alipougua saratani ya tumbo na kufa mwaka 1995, alikuwa naye, na yote aliyaandika siku kwa siku. Baadaye shajara yake, ya Ingrid na ya binti yao Maria zilichapishwa pamoja katika kitabu kimoja: mgonjwa na wauguzi wake wawili, kila mmoja na kalamu yake. Na mwaka 2007, maneno yalipoanza kumtoroka, binti yake mwingine, mwandishi Linn Ullmann, alikaa naye Fårö na kinasa sauti wakizungumza juu ya uzee. Tarehe 30 Julai mwaka huo alikufa kisiwani humo. Linn alikaa miaka kadhaa bila kuzisikiliza sauti zile.

Katika Minong'ono na Mayowe, shajara ya Agnes inabaki kwa Anna. Dada zake hawakuiuliza. Familia ikishaondoka, Anna anawasha mshumaa, anaifungua, na kwa sauti ya Agnes tunaisikia siku moja ya vuli ambapo maumivu yaliachia, na dada wote watatu na Anna wakatembea bustanini wamevaa nyeupe, wakakaa kwenye bembea ya zamani, Anna akiisukuma polepole. Kulikuwa na mambo ambayo aliyabeba mtumishi peke yake.

Mwaka jana nilimtafuta yule dada wa kazi. Ana watoto wawili sasa, anauza maharage na ndizi sokoni. Tuliamkiana sana kwenye simu, tukaulizana habari za watu wa pande zote, kisha nikamuuliza nisichowahi kumuuliza: usiku ule shangazi alisema nini?

"Mama aliomba nimfungulie dirisha," akasema. "Mvua ilikuwa inapiga, alitaka kuisikia. Akaniuliza kama upepo umeiangusha migomba ya nyuma. Nikaenda kuangalia. Si ulinipisha pale mlangoni?"

Nikasema ndiyo, nilimpisha.

"Nikarudi nikamwambia yote imesimama. Akafurahi."

"Na ilikuwa imesimama?"

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei.

"Miwili ilikuwa imelala," akasema.